Kiatu cha Breki

Mwalimu wa udereva alishuka kwenye boti akiwa na suruali iliyopigwa pasi, viatu vyeusi vinavyong'aa, na hotuba nzima kichwani. Alikuja kisiwani kumchukua mkewe. Mama huyo alikuwa ameaga kwamba anakwenda kujifunza ufinyanzi kwa wiki moja tu. Wiki ikazaa wiki, simu zikawa fupi, na mume akabaki nyumbani anakula mayai asubuhi na mayai jioni, mpaka kuku wa jirani wakaanza kumtazama vibaya.

Wanafunzi wake walimwita Breki. Gari la kufundishia lina pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na yeye ya kwake aliikanyaga hata gari likiwa limezimwa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kufa mikononi mwake. Hakuna aliyewahi kufika gia ya nne vilevile, lakini hilo halikuwa jambo la kujadiliwa.

Kijiji chenyewe kilikuwa njia moja ya mchanga, wasanii huku na wasanii kule. Kila ukuta ulichorwa samaki, au jicho, au jicho la samaki. Mahali fulani ndala kuukuu zilizookotwa ufukweni zilikuwa zimegongomelewa kwenye nguzo, na chini yake pameandikwa "Upweke." Breki alitazama kwa makini sana, akaona ndala.

"Sogea kidogo, mzee, unaizibia kazi mwanga," alisema bwana mmoja aliyejifunga pazia kiunoni.

Breki alisogea, akaulizia choo. Akaonyeshwa choo kisicho na mlango.

"Mlango uko kwenye maonyesho," Bwana Pazia alimweleza. "Wewe ukiingia imba tu, watu watajua kuna mtu."

Kwa hiyo mtu mzima, mwenye wajukuu, aliingia chooni akaimba wimbo wa kuhesabu wa darasa la kwanza. Alipotoka, hamu ya kumwokoa mkewe ilikuwa imeongezeka maradufu.

Alimkuta kwenye baraza ya mama mfinyanzi ambaye kijiji kizima kilimwita Shangazi. Mkewe alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, na kichwani amejifunga kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati la mumewe.

"Baba watoto! Umefika? Njaa inauma?"

"Nimekuja kukuchukua. Boti inarudi saa tisa."

"Ule kwanza."

"Achorwe kwanza," Shangazi aliingilia, tayari ameshika kiti. "Hapa kwetu mgeni halishwi kabla hajachorwa. Akishiba anasinzia, na mtu anayesinzia ukimchora anatoka kama gunia la mkaa."

Breki alitaka kukataa kwa heshima zote. Lakini samaki walikuwa wanakaangwa jikoni, na njaa haijui heshima. Akakaa. Wachoraji wakamzunguka na mbao zao zenye karatasi, mkewe akiwa mbele kabisa, na sharti likatolewa: asitikisike, asiseme.

Haikuwa kazi ngumu, alidhani. Maisha yake yote alikaa kwenye kiti akitazama wengine wakihangaika.

"Tanuri tunaliwasha mwezi ujao," Shangazi alimwambia mkewe huku anachora. "Utakuwepo, au ndiyo unabebwa leo kama mzigo?"

Mke alinoa penseli yake taratibu. "Nataka kuwepo."

Breki akafungua mdomo ili aianze ile hotuba.

"Mdomo!" wakamkemea wote kwa pamoja. Akaufunga.

Basi mke, alipoona hakuna wa kumkatiza, akaendelea kuiambia karatasi yake. "Nilitaka kufungua kibanda cha kuuza mikoba, akasema ngoja. Dada yangu alipojifungua nikataka kwenda, akasema ngoja mvua ziishe. Zilipoisha mtoto anatembea. Nimemwomba anifundishe gari tangu kifungua mimba wetu hajaota meno. Sasa kifungua mimba ana gari lake! Mji mzima ameufundisha, mpaka yule muuza nyama mwenye jicho moja."

"Alifaulu," Breki alisema kwa meno yaliyofungwa.

"Najua alifaulu. Mimi ninayo mawili."

Bwana Pazia alicheka mpaka pazia likahatarisha amani.

Kazi zilipomalizika walimgeuzia mbao aone. Mmoja alimpa pua tatu. Shangazi alimchora kama askari anayedai leseni. Bwana Pazia alichora kiti peke yake, kwa maelezo kwamba kiti ndicho kilichokuwa kikiteseka. Breki alitabasamu kwa adabu kwa kila mmoja, kisha akafika kwa mkewe.

Uso haukuwepo. Kulikuwa na kiatu kimoja tu, cha kulia, kimekandamizwa sakafuni kwa nguvu mpaka ngozi imejikunja na kisigino kimeinuka. Breki akatazama chini. Mguu wake ulikuwa palepale, vilevile, umekanyaga saruji kwa nguvu zake zote.

"Haujainuka tangu niliposema nataka kuwepo," mkewe alisema. "Na haukuanza leo."

Breki aliona aibu, aibu ya kweli. Chini ya aibu palikuwa na woga kwamba mwanamke huyu anaweza asirudi kabisa, na kwamba akifanya hivyo atakuwa na sababu. Alimla samaki bila kujua ana chumvi au hana.

Saa tisa mkewe alimsindikiza gatini. Hotuba ilikuwa imeyeyuka yote.

"Utarudi?" Breki aliuliza. Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza siku hiyo.

Mke alitazama kile kiatu. Kilikuwa kimeshaanza kukanyaga mbao za gati.

"Vua," alisema.

"Nivue nini?"

"Kiatu. Cha kulia. Sijamaliza kukichora, zile nyuzi zimenishinda. Nitakirudisha mwenyewe, nikija kujifunza gari."

Neno "ngoja" lilimfika Breki kwenye ncha ya ulimi. Akainama, akafungua kamba, akampa kiatu. Soksi ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikatoka kuwasalimia abiria.

"Hiyo sasa ndiyo sanaa!" Bwana Pazia alipiga makofi kutoka ufukweni.

Nahodha aliiondoa boti kwa fujo, kona ya kwanza kali, mwendo wa mwendawazimu. Mguu wa kulia ukajinyosha kutafuta pedali, ukakuta maji baridi yaliyotuama sakafuni. Breki akauinua, akaupakata kama mtoto, akaiacha boti iende.