Kadi ya Mbeba Maiti

Mwaka 2015, nikiwa na miaka sabini na mmoja, nilisoma historia katika shule ya watu wazima hapa Newburg, Louisville. Sikukosa hata siku moja. Jumamosi moja mwalimu alituchorea ngazi ya watu wa Uajemi wa kale: mfalme juu, kisha makuhani, askari, waandishi na wakulima. Nje ya ngazi aliwaweka wabeba maiti, walioishi mbali na wenzao na kula kwa vyombo vyao wenyewe. Kisha akatugawia kadi za kubandika kifuani.

Mimi nikapata ya mbeba maiti.

Kwetu Bijombo, milimani, kabla ya vita, nilikuwa na ng'ombe sitini. Nikamgeukia mwanafunzi mwenzangu Esperance, aliyepata ya mwandishi, nikamwomba tubadilishane. Baba yake, Bahizire, alikuwa mchungaji wa ng'ombe wangu. Kikombe chake cha maziwa kilining'inia peke yake nje ya mlango, naye hakuketi mpaka aambiwe.

"Leta, papa," Esperance alisema akicheka; aliniita baba, kama tunavyowaita wazee wote. "Mimi kila siku naosha wazee kule kazini, hata wenye kufa. Nimezoea."

Alipoibandika, nilimwona Bahizire amesimama mlangoni na kikombe chake, suruali imelowa mpaka magotini. Haikuwa mara ya kwanza. Wanafunzi walipita bila kumpisha; ni mimi tu niliyemwona.

Mwandishi alitakiwa kumuuliza kila mtu kazi yake ya siku na kuandika jibu. Nilipofika kwa Esperance nikamuuliza amembeba nani.

Hakucheka tena.

"Watu wengi. Baba yangu tu ndiye sikumubeba. Papa, mulimuacha wapi?"

Kwa miaka kumi na tisa nilimjibu kwamba tulipotezana vitani. Sasa kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na baba yake alikuwa ananitazama.

"Kwenye kijito, chini ya Bijombo," nikasema. "Alipigwa risasi ya mguu. Aliniomba nimvushe. Mabegani nilikuwa na ndama."

"Ukavusha ndama."

"Nikavusha ndama."

Alichukua karatasi yangu, akaandika mwenyewe jina la baba yake na la mahali, akaikunja na kuitia ndani ya koti. Kisha akabandua kadi ya mbeba maiti, akaiweka mbele yangu.

Nilimwambia Bahizire aketi, kwa sauti, mbele ya darasa zima.

Hakuketi.