Majogoo Wasiowika

Nilianza kuvaa koti mwezi wa kumi, wakati ambao hapa Ikungi hata mbuzi hugombania kivuli. Lilikuwa koti la marehemu baba, la sufu, zito, nami nilifunga vifungo vyote mpaka kooni. Wenzangu walifyeka shamba la kijiji vifua wazi, mimi nikatokota ndani ya sufu. Alute, rafiki yangu asiyejua kunyamaza, aliniuliza kama nimeteuliwa kuwa mkuu wa wilaya bila kijiji kuarifiwa. Wote wakacheka. Mimi nikacheka kuwapita, maana mwenye kuficha kitu ndiye hucheka kwa sauti.

Nilichoficha kilikuwa kifua changu. Kilianza kwa maumivu kidogo upande wa kushoto, nikalaumu sururu, kwa kuwa mimi ndiye mchimba visima wa kijiji. Nilipopapasa nikakuta kitu kigumu chini ya chuchu, mfano wa punje ya hindi. Punje ikakua, na upande wa kulia ukafuata. Kufika mwezi wa kumi nilikuwa na matiti. Sina namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Mwanamume mwenye ndevu na mke, tena niliyeteremka visimani ambako wenzangu waliogopa kuchungulia, nina matiti.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kifo nakijua, kilimchukua baba, kikawachukua kaka zangu wawili, na watu wakaja kutupa pole. Lakini mtu anayegeuka kuwa kitu kingine, nani atakuja kumpa pole? Kila asubuhi nilijipapasa kabla sijafungua macho, nikiomba nikute kifua kitupu.

Na hilo halikuwa peke yake. Mimi na mke wangu Felista tulikuwa tumeoana miaka minne bila mtoto. Mama yangu, Marietha, aliyekaa nasi, alikwisha kusema wazi kwamba mavuno yajayo yakipita nyumba ikiwa kimya, itabidi nitafutiwe mwingine. Alimtazama mkwewe kama mtu anavyomtazama tetea asiyetaga. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilianza kuhisi kosa liko kwangu. Hamu ya mke ilikuwa imenitoka kabisa. Nikipanda kitandani na shati langu namgeuzia mgongo, naye akadhani nimemchoka. Hakulalamika. Alizidi kunipikia vizuri tu: ugali wa uwele, mlenda, na shingo za kuku zilizochemshwa na nyanya mpaka nyama inaachia mfupa. Alikuwa akikaa pembeni kunitazama nikinyonya mifupa ile, na uso wake ukalainika. Nilimpenda sana, nami nilikuwa karibu kumwangamiza kwa kunyamaza.

Mama alikuwa na maelezo yake kuhusu nyumba isiyo na mtoto. Mwaka uliopita, wakati wa Operesheni Vijiji, tulipakiwa kwenye lori na vyungu vyetu tukaletwa hapa barabarani, na kaburi la baba likabaki kule kwenye mahame. Mzee amekasirika, alisema, na mzee akikasirika hukata uzao. Kama angekiona kifua changu angesema mzee sasa ananigeuza mwanamke, na kwa kweli hata mimi nilikwisha kuanza kuamini hivyo.

Kulikuwa na kitu kingine kilichonitisha, ingawa sikujua kwa nini. Kijiji kilikuwa na mradi wa kuku. Mwezi wa tano alikuja mtafiti wa mifugo, kijana mmoja mpole aitwaye Melkiori, kupima namna ya kuwanenepesha majogoo haraka. Kila jogoo alitiwa kidonge kidogo chini ya ngozi ya shingo. Wakanenepa kweli, lakini pia wakaacha kuwika. Panga zao, zile nyama nyekundu za vichwani, zilipauka na kusinyaa, wakawa wanachutama vumbini kama matetea. Banda zima la majogoo, na alfajiri haisikiki sauti. Nilipopita pale kwenda kisimani walinyanyua vichwa wakanitazama. Nilihisi hao ni ndugu zangu, na wazo hilo likanifanya niongeze mwendo.

Hatimaye niliaga kwamba nakwenda Singida kutafuta kamba ya kisima. Mjini sikukaa, ningekutana na watu wa kwetu. Niliunganisha basi mpaka Kiomboi, ambako hakuna anayenijua, nikapanga foleni hospitalini na koti langu. Daktari Damiani, mtu mzima mwenye mvi, aliniambia nilivue. Nilivua huku nikitazama ukuta. Hakucheka, na kwa hilo nusura nilie.

Alinibonyeza kifua, akanitazama macho na kucha. Aliniuliza nakunywa dawa gani, nakunywa pombe kiasi gani, kisha nakula nini. Nikamtajia. Nilipofika kwenye shingo za kuku alinisimamisha na kuuliza kuku hao wanatoka wapi. Nikamweleza habari za mradi, mke wangu anayefanya kazi ya kunyonyoa kuku wa mradi, na majogoo wasiowika. Akavua miwani.

"Ndugu Manase, mwilini mwako mna wajumbe," alisema. "Wanaitwa homoni. Wanatoka kwenye tezi, wanasafiri na damu, wanapeleka amri: mtoto arefuke, ndevu ziote, mbegu ya kiume ikomae. Mwanamke naye ana wa kwake. Kile kidonge ni mjumbe wa kike aliyetengenezwa kiwandani. Jogoo akitiwa, mwili wake unasahau kwamba ni jogoo. Kinawekwa shingoni kwa sababu shingo ilitakiwa itupwe."

Nilimwambia kwetu kuku hatupwi kitu isipokuwa manyoya na nyongo. Akajibu kwamba anajua, yeye ni Mnyiramba, na kwao pia ni hivyo. Akaniagiza niache shingo zile leo hii. Kifua kingerudi taratibu, hamu ingerudi, na uzazi pia. Alisema nitapata watoto, alisema kwa mdomo wake. Basini niliwaamkia wazee wote shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekunywa, na njia nzima nilimwomba msamaha baba yangu kwa kumsingizia.

Nilimkuta Felista uani akipepeta uwele. Nilimwita nyuma ya ghala, nikafungua vifungo, nikamwonyesha. Akashika mdomo. Nikamweleza yote haraka haraka: homoni, kidonge, shingo. Nilimuuliza kama Melkiori hakuwahi kuwaambia kitu. Akakiri kwamba aliwaambia wakate kichwa na shingo yote wafukie shimoni. Wanawake walimwitikia ndiyo bwana, kisha wakatazamana. Melkiori hakuwapa sababu. Nani anafukia nyama, tena baada ya njaa iliyotupata tulipohamishwa? Walidhani ni kiburi cha mtu aliyesoma na kushiba, wakazibeba nyumbani ndani ya kanga.

Uso wake ulikuwa umebadilika, nami nikadhani ananihofia mimi. Nikacheka. Nikamwambia asiogope, daktari amesema yataisha, na mtoto tutampata.

"Mimba ninayo," alisema Felista.

Alikuwa nayo tangu mwanzo wa kipupwe, kabla sijaanza kumpa mgongo. Mama ndiye aliyeitambua wa kwanza, akamwonya asimwambie mtu, hata mimi, mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, wenye macho mabaya wasije wakaliharibu. Ndiyo sababu mama alikuwa akiimba jikoni siku zile. Nami, mume niliyelala na shati nikitazama ukuta, sikuona kitu.

Nilitaka kumkumbatia, lakini mikono yake ilikuwa imeshika tumbo na haikuachia.

"Hukuona sahani yako haina shingo siku hizi?" aliniuliza. "Mama alisema apewe aliyebeba mtoto. Nimekula mimi, mwenzangu. Kila siku. Nimekunywa mpaka mchuzi."

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala na ungo mkononi. Alikuwa amesikia. Alikaa chini mchangani akafunika kichwa kwa kanga.

Tulikwenda mimi na Felista moja kwa moja kwa Melkiori. Tulimkuta bandani akiwapima majogoo uzito. Nilipomweleza alikaa juu ya debe, rangi imemtoka, akarudia kwamba aliwaambia wafukie, aliwaambia. Nilimjibu kwamba amri bila sababu kwetu ni kelele tu, na nilikuwa tayari kumkaba. Felista akanishika mkono. Alikuwa na swali moja, na aliliuliza taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeuliza njia.

"Mtoto atakuwaje?"

Melkiori alitazama majogoo wake, kisha akatazama chini. Alisema kuhusu kuku anaweza kutujibu lolote: baada ya wiki ngapi upanga unasinyaa, nyama inaongezeka kiasi gani. Kuhusu mtoto aliye tumboni hakuna aliyemfundisha, naye hajui ni nani anayejua. Nikamuuliza, akiwa wa kiume je, atakuwa kama hawa? Akamshusha jogoo kwenye mizani. Felista akataka kujua tutalijua jambo hilo lini.

"Labda akizaliwa," alisema. "Labda akikua. Au labda siku yeye mwenyewe atakapotaka kuzaa."

Felista alishukuru. Sijui alishukuru nini. Alipita kwa wanawake waliokuwa wakinyonyoa, akawaambia kwa sauti ya kawaida sababu ya kufukia shingo, na mmoja mmoja waliziacha zikaanguka kwenye karai. Wawili kati yao walikuwa wajawazito.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mtoni. Mto ulikuwa mkavu. Nilikuwa nikifanya hesabu ya kijinga: kama angekula nusu, kama ningerudi wiki moja mapema, kama mama asingempenda mjukuu kabla hajazaliwa. Felista akasimama ghafla, akavuta pumzi. Aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni, chini ya kitovu, akaubana pale. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuligusa tumbo lile. Nilisubiri. Kisha ndani yake kitu kikapiga, kidogo, kama kidole kinachogonga mlango, mwanangu niliyemlilia Mungu miaka minne, nami nikauondoa mkono kwa woga.

Niliurudisha mara moja. Lakini Felista alikuwa ameshaona.