Mshika Nyuki

Asubuhi ya demo, siku ya kuonyesha miradi chuoni, umeme ulikuwa umekatika Shanwe nzima, na Kasilda alikuwa anafuta vumbi kwenye skrini ya laptopu huku akiomba betri isizime. Programu ilikuwa yake. Mfugaji nyuki akigusa picha ya mzinga kwenye simu, anaambiwa kama asali imeiva. Wenzake wa kundi walichangia majina yao na soda.

Mizinga ya majaribio ilikuwa ya baba yake, kule Ugalla. Mzee alikubali kwa sharti moja tu, kwamba alama yake iliyochongwa kwenye mizinga isitolewe kwenye picha. "Nyuki wanamjua mwenye alama, mama," alimwambia binti yake.

Lucas, mwenyekiti wa kundi, aliifuta alama hiyo asubuhi ya demo na kuweka jina lake.

"Ile ni alama ya baba," Kasilda alisema.

"Mradi sio wa baba yako. Inaonekana kama uchafu."

Kila kundi lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja kwenda kwenye mashindano ya maonyesho Dodoma. Kasilda aliitaka nafasi hiyo, na ilikuwa haki yake.

Lucas alisimama mbele ya mwalimu Agustino na kugusa mzinga kwenye skrini ya laptopu. Nyuki wakaanza kutoka kwenye tundu la chaja, mmoja mmoja, bila haraka. Wakampita Lucas, wakampita mwalimu, wakatua kwenye mkono wa Kasilda na kujipanga kwa umbo la ile alama iliyofutwa.

Mwalimu alirudisha kiti nyuma kidogo. "Hawa ni sehemu ya demo?"

"Ndiyo, mwalimu," alisema Lucas.

"Umejitahidi sana."

"Mwalimu, nyuki wameenda kwa Kasilda," alisema Emelyne, mwenzao wa kundi. "Yeye ndiye kaiandika programu yote. Sisi tumeandika majina tu."

"Naona. Ana mkono mtulivu. Kundi lazima liwe na mtu wa kushika nyuki."

Inakera kusimulia jambo hili kwa utulivu, lakini ndivyo lilivyotendeka. Wanafunzi wengine walipiga picha. Asali ilipoanza kuchuruzika kwenye kibodi, mwalimu aliionja kwa kidole, akasema ni tamu, kisha akamwomba Kasilda afute meza kwa mkono ule mwingine.

Lucas alikwenda Dodoma. Akapiga simu kutoka huko.

"Kasi, nagusa mzinga hawatoki. Nyuki wako wapi?"

"Wako hapa mkononi kwangu."

"Basi wapige picha unitumie. Sura yako isionekane."

Kasilda alikata simu. Lucas akachukua picha ya siku ya demo, akaikata kwenye kiwiko, akaionyesha huko Dodoma, na ikashinda.

Sasa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo chuoni. Ni mkono uliojaa nyuki, na chini yake jina la Lucas. Kasilda huipita kila asubuhi akienda darasani na nyuki wake, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza humwomba asogee kidogo, anawaziba wasiione.