Mzee Kwenye Tangi la Kinyozi

Samaki wawili walikuwa wanauana ndani ya tangi la kinyozi, na binti yake alikuwa anarudi baada ya siku kumi na moja.

Kinyozi alizima mashine akasogea kwenye kioo cha tangi. Walikuwa samaki klauni, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda mitatu myeupe. Wameng'atana midomo, wanazunguka kama vijana waliokamatana mashati. Mkia wa mmoja wao, yule mgeni, ulishachanika ukawa kama kitambaa kilichopita kwa panya.

"We kinyozi!" Fundi saa aliita kutoka kitini, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. "Utaniacha hivi niende nyumbani wanikatae?"

"Tulia. Wanauana hapa."

"Si ulisema umemwoza Mzee mke? Hiyo ndiyo fungate?"

Kinyozi hakucheka. Tangi lilikuwa la binti. Alilianza akiwa na miaka kumi na mitatu, na alipokwenda kusomea uuguzi alimwachia baba yake amtunzie pale kazini. Ndani kulikuwa na samaki wawili wa miaka tisa: mmoja mkubwa, mbabe, anayefukuza hata kidole kikigusa kioo, na mwingine mdogo, mpole, anayemfuata nyuma. Yule mkubwa kinyozi alimbandika jina la Mzee. Binti alicheka siku hiyo, wala hakusema kwa nini.

Mwezi mmoja nyuma kinyozi alilisha samaki akasahau kufunika tangi. Asubuhi alimkuta yule mdogo sakafuni, amekauka katikati ya nywele za wateja. Akamfagia. Jioni yake binti akapiga simu: "Baba, wote wazima?" Akajibu, "Wazima." Neno likishatoka halirudi, ikabidi atafute samaki wa kulifunika.

Alikwenda kwa Mama Samaki, mwanamke mwenye duka la samaki wa mapambo mwisho wa mtaa, akamwambia mke wa Mzee amefariki, anataka mke mwingine. Mama Samaki akamchotea mmoja mnene.

"Mke mkubwa hivi?" kinyozi aliuliza.

"Ndivyo walivyo," alijibu Mama Samaki, huku anafunga mfuko.

Sasa alimtuma mtu akamwite. Mama Samaki alikuja na kijiwavu chake, akainama mbele ya tangi, akasonya.

"Mafahali wawili," fundi saa alianza kwa sauti ya hekima, "hawakai zizi moja."

"Mafahali gani? Hao wote wawili ni bibi." Akamgeukia kinyozi. "Yule aliyekufa alikuwa mkubwa au mdogo kuliko huyu wako?"

"Mdogo. Nusu yake."

"Basi aliyekufa ndiye mume! Hawa wote huanza madume, kaka yangu. Anayewazidi wenzake nguvu ndiye hugeuka jike, na akishageuka harudi nyuma. Umeniambia mke kafa, nikakupa mke. Umemletea mwanamke mwenzake ndani ya nyumba yake."

Kinyozi alimtazama Mzee. Miaka tisa alikuwa anamsalimia kila asubuhi kama mwanamume mwenzake.

Mama Samaki alimtoa mgeni, lakini alikuwa ameshalala ubavu, na kabla fundi saa hajamaliziwa kichwa alikuwa amekufa. Mzee alibaki na jicho moja. La pili lilikuwa jeupe kama tui.

Kesho yake Mama Samaki alileta kidume kidogo, hakifiki urefu wa kidole gumba. Wakakiweka ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu, wakakining'iniza humo humo tangini. Siku saba Mzee alikigonga kikapu kwa kichwa. Siku ya nane wakakifungulia. Mzee alikijia kama risasi. Kidume hakikukimbia. Kililala upande, kikatetemeka mwili mzima, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa asilolijua. Mzee alikizunguka mara mbili, akageuka, akaenda zake. Kidume kikamfuata nyuma.

"Ameolewa," alisema Mama Samaki.

Binti alifika Jumapili na begi mgongoni, akaenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Baba, jicho la Mzee limekwenda wapi? Na huyu mdogo ni nani?"

Kinyozi alimweleza yote, kuanzia kifuniko. Alieleza huku anafuta kiti ambacho hakikuwa na uchafu.

"Nilikuuliza kwenye simu," binti alisema. "Ukaniambia wazima."

"Nilisema."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Na wewe," kinyozi alijitetea, "ulijua Mzee ni mwanamke, ukaninyamazia miaka tisa."

"Ulikuwa unampenda hivyo, baba. Mimi sikumuua mtu."

Samaki wawili walikufa. Mzee ana jicho moja, na chakula lazima kitupwe upande wa kulia ndipo akione. Na binti, ambaye zamani aliuliza mara moja akaridhika, sasa akipiga simu huuliza, "Wote wazima?" Kinyozi akijibu wazima, binti huuliza tena.