Beseni la Mlenda

...amekojoa, kanga yangu imelowa mpaka pajani, mkojo wa moto kabisa, nami mzee mzima nimekaa kitandani hapa wodini nautabasamia, asante Mungu, sikudhani siku moja nitakushukuru kwa mkojo, lakini tangu juzi mjukuu wangu Anitha hakuwa na tone, anaharisha maji matupu, macho yamezama, analia bila machozi, na mama yake yuko Makutupora anavuna zabibu za watu, nimpigie nimwambie nini, kwamba mwanao nimemlisha dampo?... "Bibi, usiulalie mkono wenye dripu," huyo ni nesi Joha, kasichana ka Pwani, kana mdomo kunishinda, "Siulalii, macho ninayo"... lakini mlenda wa kando ya dampo unastawi jamani, mvua mbili tu majani mapana kama masikio ya mbuzi, na sisi waokota chupa tukirudi tunachuma, tunausuuza pale pale dimbwini, kila mtu na beseni lake, maana kupika mlenda wenye mchanga ni aibu, mwanamke atachekwa mpaka kaburini... jana Joha akauliza mboga nilitoa wapi, nikamwambia Mvumi, kwa dada yangu, uongo mkavu, akaitazama miguu yangu, tope jeusi limekaukia kwenye kucha, akasema, "Bibi yangu, dimbwi lile linapokea nepi na mizoga ya mji mzima, bakteria wake huwaoni kwa macho," nikamwambia niliuchemsha mpaka ukavutika, nimeanza kupika mlenda mama yako hajazaliwa, naye, "Sawa, mlenda uliuchemsha. Na beseni je, ulilichemsha?"... nikaivuta miguu yangu chini ya kitanda... kwa sababu nikitoka dampo beseni nalikung'uta tu, kisha natia maji ya kunywa, na Anitha anachota humo kwa kikombe chake, miaka minne, hodari wa kujichotea... ningekuwa mimi ningemtukana bibi wa namna yangu, yeye hakutukana, alichukua kijiko akamnywesha maji ya dawa, kidogo kidogo, mtoto asiye wake, mpaka chai yake ikapoa, asante mwanangu, hata kama una kiburi... na Lea, jirani yangu, aliyemfunga Anitha mgongoni akakimbia naye mpaka barabarani, akipiga kelele kwamba mtoto karogwa, mimi nikihema nyuma kama punda, Lea naye ana... Mungu wangu, Lea naye ana beseni, mvua imenyesha tena asubuhi, saa hizi wako dimbwini wote, na nyumbani ana mapacha hata kutembea hawajaweza... Joha yuko kitanda cha pili anafunga kidonda, akigeuka nitamwomba simu, na atanisikia akitaka, wodi nzima inisikie, nitasema Lea, beseni hilo usilitie maji ya kunywa, usiwape watoto, sikiliza, Anitha hakurogwa, ni mimi.