Kilo Nane za Goti

Daktari wa mifupa alitoa sharti moja tu: mama fundi wa nguo apunguze kilo nane, ndipo apasuliwe goti. Bila goti hakuna kukanyaga cherehani, na bila cherehani fundi angebaki kibarazani kuhesabu nzi. Bahati nzuri Mungu alimjalia watoto wawili wajuzi.

Binti yake, muuguzi, alikuwa na kijitabu cha kliniki. Adui ni mafuta. Kuku avuliwe ngozi, maziwa yaenguliwe malai, yai liliwe ute, kiini apewe paka. Paka akanawiri kweli kweli. Mwanawe wa kiume, kinyozi, hakuwa na kijitabu. Alikuwa na simu, na simu, kama mjuavyo, imesomea udaktari ng'ambo. Kwake adui ni wanga. Mkate mwiko, wali mwiko, viazi hata kuvitupia jicho mwiko.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ngozi hapa alikuwa mama mtu.

"Unataka kumziba mama mishipa ya moyo?" binti angeanza, akiivuta sahani ya nyama.

"Na wewe unamlisha sukari, dada, eti mkate mkavu," kinyozi angejibu, akiubeba mkate.

"Wewe nyoa ndevu za watu. Mimi nimesomea."

"Umesomea sindano."

"Wanangu, niacheni nile," fundi angesema, kijiko mkononi.

"Kula, mama," wangemjibu kwa pamoja, mezani pamebaki chumvi.

Baada ya miezi miwili walimpandisha kwenye mizani ya hospitali. Kilo kumi na nne zimekwenda. Kinyozi alipiga makofi. Dada mtu alikuwa ameshapiga picha ile namba, awatumie wenzake wa kliniki. Daktari peke yake hakucheka. Alikuwa anasoma majibu ya damu.

"Njia zote mbili hupunguza uzito, mtu akiishika moja," alisema. "Mama alishika ipi?"

"Yangu," wakajibu wote wawili.

Fundi alilivuta gauni lililompwaya. Fundi mzima, na hakuwa na nguvu hata ya kulipunguza.

"Sikushika yoyote, daktari. Wakianza kugombana, huyu anaondoa nyama, yule anaondoa mkate. Kila siku naondoka mezani na njaa, naenda kulala nalia."

Daktari alifunga faili. Damu imepungua mno, akasema, hawezi kumpeleka kwenye kisu mtu wa hali hii. Arudi baada ya miezi sita, akishaongeza kilo sita.

Watoto walitazama sakafu, na kwa muda ungedhani wameona haya. Kisha binti akasema kwa sauti ya chini, "Hizo za kuongeza, mama, angalau zisiwe za mafuta."

Kinyozi akafungua mdomo. Fundi akamwahi.

"Daktari," aliuliza, "huko wodini hamna kitanda cha mtu anayetaka kula tu?"