Goti la Bima

Mimi sipendi kupiga magoti. Naanza na hilo ili tusije tukalaumiana mbele ya safari. Nimezaliwa Nyakakika, nimeolewa Nyaishozi, na kote huko mwanamke akimwamkia mkubwa wake anashuka mpaka goti liguse vumbi. Mimi tangu usichana nilikuwa nashuka nusu, natupa salamu, nainuka, na mama mkwe wangu ananitazama kama mtu aliyelipwa kwa noti bandia.

Kwa hiyo niliporudi kutoka hospitali, mguu wa kulia umenyooka kama mchi, mama mkwe hakuanza na pole. Alisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Halafu ndipo akaangua kilio na kunibebea mfuko. Ndivyo alivyo.

Mguu nilivunjwa na lori la Fuso. Biashara yangu ilikuwa ndizi: naingia vijijini Nyakakika, nanunua mikungu shambani, naileta Nyaishozi barabarani ambako malori yanapakia. Siku ile nilipanda pikipiki ya Cassian, kijana wa nyumbani kwetu, ambaye hakuwahi kunidai nauli kabla sijauza. Tukiwa kwenye kona, Fuso likatokea upande wetu, tupu, linaruka mashimo, dereva ana simu sikioni. Pa kupita hapakuwepo. Bodaboda wengine hapo huruka wenyewe, wakamwachia abiria pikipiki na mauti yake. Cassian aliachia usukani kwa mkono mmoja, akanisukuma kifuani kwa kiwiko, nikaruka nyuma kuelekea mtaroni. Mguu mmoja tu ndio ambao haukuwahi.

Yeye alikwenda chini ya tairi. Nilisikia kofia yake ngumu ikipasuka, na nilichokiona kikitoka ndani yake sikisemi. Kofia alikuwa ameifunga vizuri kabisa.

Bodaboda wenzake walifika kabla vumbi halijatua. Walimtoa dereva kupitia dirishani, kioo kikimchana tumbo, wakampiga kwa mawe, kwa mnyororo wa pikipiki, kwa jeki ya lori lake mwenyewe. Meno yake niliyaona yakianguka barabarani. Na mimi nimelala mtaroni, mfupa umetoka nje ya ngozi, napiga kelele, "Mpigeni! Mpigeni huo mdomo uliokuwa unaongea na simu!" Kama si mguu ningekwenda kumpiga mwenyewe. Polisi walifyatua risasi hewani ndipo akapona, kama kule ni kupona.

Hospitali walinitia vyuma. Siku ya kuniruhusu, dada wa mazoezi ya viungo alinikalisha kitandani akalishika goti langu. "Mama, hili goti ni la kulazimisha. Likunje kila siku, hata ukilia. Ukiliacha hivi litaganda, na likishaganda, hata mimi siliwezi tena." Nikamwahidi. Kwetu goti ni shamba. Huwezi kupalilia maharage kwa mguu wa mchi. Chooni huwezi. Kanisani watu wote wanapiga magoti na wewe umesimama peke yako kama nguzo ya umeme.

Nyumbani nilimkuta mume wangu Elpidius ameketi na mgeni, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kiko katikati yao. Mgeni alikuwa Yusto wa Kayanga. Kazi yake ni kufuatilia madai ya watu waliopata ajali, kisha anakula sehemu yake. Alinitazama mguu kabla ya uso.

"Shikamoo, mguu," akasema, wakacheka. Kisha akanieleza. Lile Fuso lilikuwa na bima. Kampuni ya bima ingemtuma daktari wake aje kupima ulemavu wangu. Goti linalokunja kidogo linalipwa kidogo. Goti lisilokunja kabisa ni ulemavu wa kudumu, na hapo ndipo kuna nyumba ya matofali na bati jipya. "Usilikunje," akasema Yusto, "mpaka watu wa bima waje."

"Usilikunje, mama Noela," Elpidius akaitikia, "mpaka watu wa bima waje." Alilisema kama watu wanavyoitikia Amina.

Nikubali, mwanzoni sikuchukia. Nani asiyependa nyumba? Na mama mkwe alipopita, nilimwamkia nimesimama wima, naye akaitikia tu. Lakini wiki ziliingia, wiki zikatoka, watu wa bima wanasema wanakuja, hawaji, na mimi nausikia mguu ukigeuka mti. Usiku Elpidius alinifunga vipande viwili vya mbao kwa kamba za mgomba nisije nikalikunja usingizini.

Mchana alikuja na mafunzo yake. Napita uani, ananisukuma kwa nyuma. Nimesimama jikoni, anaangusha kaa la moto karibu na unyayo wangu. Nikilikunja goti, hata kidogo, anachukua fimbo ya kupigia maharage na kunicharaza. Alinicharaza mguu wa kushoto, ule mzima. Wa kulia hakuugusa hata siku moja. Wa kulia ulikuwa mali.

Lakini kilichonikondesha hasa kilikuwa mama yake Cassian. Anaitwa Mukashema, mjane wa Nyakakika, na Cassian ndiye alikuwa mtoto wake pekee. Mazishi yalinikuta hospitali. Kwetu pole ya msiba haitumwi kwa simu wala kwa mtu. Unakwenda mwenyewe, unashuka kwa magoti mbele ya mfiwa, unamshika mikono, mnalia mpaka mnachoka. Na mimi niliyekuwa nyuma ya mtoto wake, niliyekula kile kiwiko cha kifua, sikuwa nimekwenda.

"Nataka kwenda Nyakakika," nikamwambia Elpidius.

"Kufanya nini?"

"Unajua kufanya nini."

"Bima wana wapelelezi, mama Noela. Ukipiga magoti kule, picha yako iko mezani kwao kabla hujainuka. Atakuelewa tu, ni mtu mzima."

Nilimtuma wifi yangu na mkungu wa ndizi na sukari. Aliporudi nilimuuliza Mukashema amesemaje. Wifi akavua viatu taratibu. "Ameshukuru. Ameuliza kama Sperancia yuko hai." Sperancia ndiye mimi.

Siku hiyo sikula. Kesho yake Elpidius alipotoka nilijikokota mpaka katikati ya kibanja, shamba letu la migomba, nikakumbatia mgomba, nikaanza kulilazimisha goti. Lilikwenda kidogo. Nikauma kanga. Likaenda kidogo tena. Jasho, machozi, vyote pamoja, lakini lilikwenda! Siku iliyofuata nikarudi, na iliyofuata. Nilikuwa karibu kuligusisha chini siku aliponikuta.

Aling'oa mti uliokuwa umeutegemeza mgomba uliozaa akanipiga nao paja la kushoto, kiuno, mgongo, mikono niliyokinga kichwa. Nililamba udongo wa kibanja nilichokilima mwenyewe. "Unataka kutufukarisha!" alikuwa anasema. "Unataka kutufukarisha!" Mama mkwe alikuja mbio akajitupa kati yetu, akala fimbo moja ya bega, ndipo mwanawe akaacha. Yule mama aliniosha damu bila methali yoyote. Kutoka siku hiyo mbao nilifungwa hata mchana.

Mwishowe watu wa bima wakaja. Tuliitwa Kayanga, kwenye chumba cha kuazima karibu na stendi, wote wenye madai ya lile Fuso siku moja. Daktari alikuwa mtu mpole mwenye sauti ndogo. Elpidius na Yusto walisimama ukutani. Mimi nilisimama katikati, mbao zimefunguliwa, na gongo langu la kutembelea.

Daktari alibonyeza, akavuta, akagonga kwa nyundo yake ndogo. Mguu haukutikisika. Akanichoma sindano kwenye unyayo ghafla. Akamwambia msaidizi wake apite nyuma yangu, na msaidizi akaangusha sahani ya chuma kwa kishindo. Mimi niliyefundishwa kwa kaa la moto nishtushwe na sahani? Nilisimama. Kwa pembe ya jicho nilimwona Elpidius akitabasamu kama mkufunzi wa ng'ombe wa kulimia.

"Naona goti halikunji," daktari akasema, akashika kalamu.

Mlango ukafunguliwa. Mwenye zamu ya pili alikuwa amechoka kusubiri nje. Aliingia kikongwe mwembamba, kanga imefungwa kifuani, mfuko wa plastiki wenye karatasi mkononi. Nilimfahamu kabla hajainua uso. Mukashema alizeeka katika miezi ile kuliko watu wanavyozeeka katika miaka.

Alinitazama juu hadi chini. "Sperancia," akasema. "Kumbe uko hai."

Nilikuwa nimesimama. Mbele ya mama huyu, nimesimama wima kama mwenye nyumba! Yeye akaja mpaka karibu, akagusa mguu wangu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Pole, mwanangu. Walikuumiza hivi, na mimi nakulaumu kwamba huji." Kisha akaweka mfuko chini, akashika ukingo wa meza, na yule bibi, mfiwa, mkubwa wangu, akaanza kushuka kwa magoti ili anipe mimi pole.

Hapana. Hilo hapana. Nyumba ya matofali na iungue.

Nilitupa uzito wangu wote juu ya goti. Lilitoa mlio wa kuni mbichi inayovunjwa. Sijui kuzaa kulikouma vile. Kovu lilipasuka, nikasikia damu ya moto ikishuka kwenye muundi, na bado nikashuka, mpaka goti likagonga saruji, kabla lake halijafika. Nikamdaka mikono yake, nikamrudisha juu.

"Ni mimi wa kushuka, mae, mama yangu. Ni mimi. Alinisukuma, mae! Aliacha usukani ili anisukume. Angeweza kuruka. Hakuruka. Alinisukuma mimi."

Watu walikuwa wamemwambia kwamba mwanawe alishindwa kumudu pikipiki. Alikaa chini nami, akanivuta kichwa kifuani, na tulilia kama tulivyotakiwa kulia siku ile ya kwanza.

"Mama," daktari akasema kwa ile sauti yake ndogo, "goti linakunja."

"Linakunja, daktari. Andika."

Yusto alikuwa ameshatoka, hata sikumwona akipita. Elpidius ndiye alikuja. Alinishika nywele akanivuta kutoka mikononi mwa Mukashema, akanipiga kibao kilichonitoa damu ya mdomo, na mbele ya daktari na watu wote akanyanyua kiatu chake akanikanyaga goti. Lile la kulia. Halikuwa mali tena, sasa lilikuwa goti la mkewe tu.

Daktari alirudi nyuma mpaka ukutani. Mukashema akapiga yowe. Gongo langu lilikuwa sakafuni karibu na mkono wangu, la mti mgumu, mama mkwe mwenyewe ndiye alinichagulia. Elpidius aliponyanyua kiatu mara ya pili, amesimama kwa mguu mmoja, nilizungusha lile gongo kwa mikono miwili, kwa hasira ya fimbo zote za maharage nilizokula, likampata katikati ya pia ya goti.

Mlio wake ulikuwa kama wa langu. Alianguka chali, akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Polisi haikuwa mbali. Walitupeleka wote wawili, yeye amebebwa, mimi nimeegemea bega la Mukashema, ambaye alikataa katakata kubaki. Kituoni walinikalisha chini nyuma ya kaunta. Mukashema akakaa pembeni yangu, akafunga kovu langu kwa upindo wa kanga yake. Sikuuliza kama nitalala ndani. Sikuuliza habari ya fidia pia, nilijua imekuwa ndogo. Uchungu ulinipanda mpaka kwenye meno, na hata hivyo nilikuwa nafurahi. Nafurahi, na siombi radhi.

Elpidius walimlaza kwenye benchi. Askari alikuwa anamjazia fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, anamuuliza jina, kijiji, ameumia wapi. Elpidius alijaribu kujiinua ajibu, mguu ukaanza kupinda, akapiga kelele.

Nilinyoosha shingo juu ya kaunta.

"Usilikunje, baba Noela," nikamwambia. "Usilikunje mpaka watu wa bima waje."